Nani Huandika Taarifa ya Kwanza ya Kifo?

Machi 3, 1959, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, kando ya Mto Tana, Kenya. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai kwamba wanaume hao walifariki baada ya kunywa maji kutoka kwa gari lililowapelekea maji kazini. Maiti zilipochunguzwa, ikabainika ni kipigo. Bunge la Uingereza lilichafuka, mawaziri wakabanwa kwa maswali, lakini hakuna askari hata mmoja aliyepandishwa kizimbani kwa vifo vile.

Waliowapiga watu wa Hola walikuwa askari jela, si polisi, na mkoloni aliondoka zamani. Naanza na maji yale kwa sababu namna ile ya kusema haikuondoka naye. Agosti 2014, polisi waliingia usiku katika boma moja huko Kinango, Kaunti ya Kwale, wakimtafuta mwanamume mmoja. Wakampiga risasi mpwa wake, Kwekwe Mwandaza, msichana wa miaka 14. Wakasema aliwajia na panga. Agosti 2021, ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, Benson Njiru na Emmanuel Mutura, walikamatwa usiku wakati wa kafyu ya korona. Familia ikaja kuwapata mochari. Polisi wakasema vijana hao waliruka kutoka kwa gari likiwa mwendoni. Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa mtandaoni kumhusu naibu wa Inspekta Jenerali, akasafirishwa hadi Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi, na kabla hakujapambazuka alikuwa amekufa. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani.

Maji, panga, gari, ukuta. Ni miaka 66 kutoka Hola hadi Nairobi, na katikati yake Kenya imepata uhuru, imeandika katiba mpya, imeunda tume, kamati na jopokazi, imebadili sare na vyeo. Kitu kimoja hakijaguswa. Mtu anapofia mikononi mwa polisi, polisi ndio wanaoandika mstari wa kwanza kuhusu kifo chake, ndio wanaolinda mahali alipofia, ndio wanaobeba maiti, na ndio wanaoshika ganda la risasi. Marekebisho yote tuliyoyaona yamejibu swali la nani awaamuru polisi na waitwe nani. Swali la nani ashike ushahidi dhidi yao limeachwa pembeni, na mimi naamini hapo ndipo penye kiini cha jambo lote.

Tuanze na historia, maana watu wengi hudhani tatizo hili lilizaliwa na serikali wanayoichukia wao. Polisi wa Kenya walianza kama askari wa kulinda mali ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, kisha reli, kisha mashamba ya walowezi. Jina la Polisi wa Kenya likaja mwaka 1920, nchi ilipofanywa koloni. Vijijini kulikuwa na polisi wa kikabila waliokuwa chini ya machifu na maafisa wa wilaya. Hao ndio waliogeuka baadaye kuwa Polisi wa Utawala. Kazi yao ilikuwa kukusanya kodi, kukamata wasio na kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha enzi hizo, na kuhakikisha amri ya bwana wilaya inatekelezwa. Hakuna mahali popote katika mpango ule palipoandikwa kwamba askari angemjibu mwananchi. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952 mambo yalizidi kuwa makali, na kikosi cha kutuliza ghasia, GSU, tunachokijua leo kilipata jina na umbo lake katika miaka hiyo hiyo.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilijaribu kulirekebisha hili. Ilikuwa na Tume ya Huduma ya Polisi, ili uteuzi na nidhamu ya askari visiwe mikononi mwa mwanasiasa. Ndani ya muda mfupi mabadiliko ya katiba yakaifuta, na mamlaka yakarudi kwa rais. Kwa hiyo tuliposherehekea mwaka 2010 kwamba sasa tuna tume huru ya polisi, tulikuwa tunarudishiwa kitu tulichonyang'anywa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Ningependa hilo lifundishwe shuleni. Lingetuonyesha jinsi tume inavyoweza kufa kimyakimya kwa kura chache za wabunge.

Miaka ya themanini tunaijua kwa vyumba vya chini ya Jumba la Nyayo, mahali ambapo watu walimwagiwa maji, wakanyimwa chakula na kupigwa hadi wakakiri makosa wasiyoyafanya, kisha wakafikishwa mahakamani jioni jioni na kufungwa. Mwaka 1988 Bunge likapitisha mabadiliko mawili ya katiba yaliyoendana kama chanda na pete: majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi zao, na polisi wakaruhusiwa kumshikilia mshukiwa wa kosa la kunyongwa kwa siku 14 badala ya saa 24. Katika siku 14 jeraha huanza kupona na shahidi hutishwa akanyamaza. Waliotunga kifungu kile walijua thamani ya muda.

Serikali ya muungano wa NARC ilipoingia mwishoni mwa 2002 ilikuja na jopokazi la polisi, mpango mkakati na polisi jamii. Yote hayo yalikuwa hewani uchaguzi wa Desemba 2007 ulipovurugika. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika ghasia zile. Kati yao 405 walikufa kwa risasi. Kumbuka kwamba waliokuwa na bunduki mitaani katika wiki zile walikuwa hasa polisi. Wengi watakumbuka picha za televisheni kutoka Kondele, Kisumu: askari anamkimbilia kijana aliyekuwa akicheza na kurusha mikono kumdhihaki, anamfyatulia, kijana anaanguka. Bila kamera ile, kifo kile kingekuwa tarakimu tu kati ya zile 405, na huenda kingeandikwa kwamba marehemu alikuwa akipora duka.

Baada ya Waki akaja Philip Alston, mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kiholela, Februari 2009. Alisema waziwazi kwamba polisi wanaua, na wanaua kwa mpango. Miongoni mwa waliompa habari walikuwa Oscar Kamau King'ara na John Paul Oulu, wanaharakati waliokuwa wamekusanya ushahidi wa vijana waliouawa kwa tuhuma za kuwa wa kundi haramu la Mungiki. Machi 5, 2009, siku chache baada ya Alston kuondoka, wawili hao walipigwa risasi ndani ya gari lao jijini Nairobi, karibu na mabweni ya chuo kikuu. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa.

Kisha likaja jopokazi la Jaji mstaafu Philip Ransley, lenye mapendekezo zaidi ya 200, na mwaka uliofuata Katiba mpya. Hapa lazima niwe mwadilifu: Katiba ya 2010 ni kazi nzuri. Ibara ya 49 inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ibara ya 244 inawataka polisi kuheshimu haki za binadamu. Ibara ya 245 inamzuia mtu yeyote, hata waziri, kumwamuru Inspekta Jenerali achunguze au asichunguze kesi fulani. Sheria za mwaka 2011 zikazaa Huduma ya Taifa ya Polisi na Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliyoanza kazi mwaka 2012. Nchi chache za Afrika zina chombo cha kiraia chenye mamlaka ya kuwachunguza polisi namna hiyo. Waliopigania sheria zile walifanya jambo kubwa na wanastahili shukrani.

Lakini tazama yaliyofuata. Polisi wakaanza kupigwa msasa mwishoni mwa 2013, maafisa wakaulizwa kuhusu mali zao, na ilipofika zamu ya askari wa trafiki, rekodi za M-Pesa zikaanika jinsi pesa zilivyokuwa zikipanda kutoka kwa askari wa barabarani kwenda kwa wakubwa wao. Wachache wakafutwa, zoezi likapoa. Desemba 2014, kwa kisingizio cha ugaidi, Bunge likapitisha marekebisho ya sheria za usalama yaliyomrudishia rais uwezo wa kumteua Inspekta Jenerali bila tume kumchuja kwanza. Mwaka 2018 zikaja sare za buluu na kuunganishwa kwa sehemu kubwa ya Polisi wa Utawala na polisi wa kawaida. Oktoba 2022 kikosi maalumu cha polisi, SSU, kikavunjwa, kikituhumiwa kwa kupotea kwa raia wawili wa India na dereva wao Mkenya. Kabla yake kulikuwa na vikosi vingine vyenye majina mengine, vikavunjwa kwa tuhuma zilezile, na askari wake wakagawanywa kwenye vituo na vikosi vipya. Kisha jopokazi la Jaji mstaafu David Maraga likatuletea ripoti nyingine mwaka 2023.

Sasa tuingie kituoni, maana uchambuzi wa sheria pekee hauonyeshi kinachompata mtu.

Chukua mama wa Mathare ambaye mwanawe amepigwa na askari akavunjika mkono. Ili awe na kesi anahitaji nambari ya OB, yaani jambo lake liandikwe katika daftari la matukio. Daftari hilo liko juu ya kaunta ya kituo. Anahitaji pia fomu ya P3, ambayo daktari hujaza kuthibitisha majeraha. Fomu hutolewa kituoni, hupelekwa hospitalini kwa daktari wa serikali, kisha hurudishwa kituoni. Kwa hiyo anasimama mbele ya kaunta ileile, pengine mbele ya askari yuleyule, anaomba wamwandikie kwamba wao ndio waliomvunja mwanawe mkono. Ataambiwa fomu zimeisha. Ataambiwa arudi kesho, OCS, mkuu wa kituo, hayupo. Ataulizwa mwanawe alikuwa wapi saa hizo. Wahenga walisema ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere, na huyu mama anaifahamu methali hiyo kwa miguu yake, kwa nauli aliyotumia na kibarua alichokosa.

Akiwa mwanawe amekufa, njia ni ngumu zaidi. Maiti huchukuliwa na gari la polisi na kuandikishwa mochari na polisi. Mara nyingi daftari la mochari husema "mwanamume asiyejulikana", ingawa kitambulisho kilikuwa mfukoni alipokamatwa. Bunduki iliyofyatuliwa imerudi ghala la silaha la kituo, na daftari linaloonyesha nani alichukua bunduki gani na risasi ngapi liko huko huko. Ganda la risasi, likiokotwa, hupelekwa kwenye maabara iliyo chini ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambayo ni sehemu ya polisi. Na sheria yenyewe, Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, inamtaka askari aliyetumia nguvu zikasababisha kifo aripoti kwa mkubwa wake, kituo kiijulishe IPOA, na polisi walinde eneo la tukio hadi wachunguzi wafike. Imeandikwa kwa nia njema. Lakini soma tena uone: mshukiwa ndiye mlinzi wa ushahidi.

Ndiyo maana nasema usiangalie kesi zilizoshindwa tu. Angalia zile chache zilizofaulu, ujiulize zilifaulu kwa nini.

Kesi ya Kwekwe Mwandaza ilifika mahali kwa sababu kaburi lilifukuliwa kwa amri ya mahakama na mwili ukachunguzwa upya. Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwahukumu maafisa wawili miaka saba gerezani kwa kuua bila kukusudia, hukumu ya kwanza iliyotokana na kazi ya IPOA. Miaka saba kwa mtoto wa miaka 14. Wengi tuliona ni kidogo, lakini lile panga la taarifa ya kwanza halikusimama mahakamani.

Kesi ya wakili Willie Kimani inaonyesha jambo hilohilo kwa uchungu zaidi. Josephat Mwenda, mwanabodaboda, alipigwa risasi ya mkono na afisa wa Polisi wa Utawala mwaka 2015. Alipolalamika kwa IPOA akageuzwa mshtakiwa. Wakili Kimani, wa shirika la kutetea haki, akachukua kesi yake. Juni 23, 2016, walipotoka mahakama ya Mavoko pamoja na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri, walitekwa na kufungiwa katika kambi ya Polisi wa Utawala ya Syokimau. Akiwa ndani, Kimani aliandika ujumbe kwenye kipande cha karatasi ya chooni akakitupa nje, kikaokotwa. Fikiria wakili, mtu wa mahakama, aliye mikononi mwa serikali, kifaa pekee cha sheria kilichombakia ni karatasi ya chooni. Miili ya watatu hao ilitolewa mtoni Ol Donyo Sabuk siku chache baadaye. Karatasi ile, rekodi za simu na maungamo ya mpasha habari wa polisi ndivyo vilivyojenga kesi. Februari 2023, baada ya karibu miaka saba, Jaji Jessie Lessit alimhukumu Fredrick Leliman kifo, wenzake wawili wa polisi miaka 30 na 24, na mpasha habari yule miaka 20.

Ojwang je? Taarifa ya ukuta ilidumu siku tatu tu. Juni 10, 2025, wataalamu wa kuchunguza maiti walieleza kuhusu majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa na mwili uliojaa alama za kipigo, wakasema si rahisi mtu kujifanyia hayo. Kesho yake, Juni 11, Inspekta Jenerali Douglas Kanja aliomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa iliyotolewa awali. IPOA ikasema kamera za kituo zilikuwa zimechezewa. OCS wa kituo kile na wengine wakashtakiwa kwa mauaji, wakakana, na kesi ni ya mahakama kuamua. Lakini kilichobadilisha mkondo ni kwamba maiti ilichunguzwa haraka, mbele ya zaidi ya daktari mmoja, nchi nzima ikitazama.

Siku sita baadaye, Juni 17, katikati ya jiji, Boniface Kariuki, mchuuzi wa barakoa, alisimama mbele ya askari wawili akiwa na bidhaa zake mkononi. Wakamsukuma, wakampiga kofi, mmoja akamfyatulia risasi ya kichwa kwa karibu. Alifariki hospitalini Juni 30. Video ya simu ilikuwa imeshazunguka dunia kabla polisi hawajaandika lolote, na safari hii hatukusikia habari za panga.

Katika kila kesi hizi ushahidi uliponyoka mikononi mwa polisi kwa bahati: kaburi lililofukuliwa, karatasi iliyotupwa nje, simu ya mpita njia. Haki ya raia haiwezi kutegemea mtu fulani kuwa na chaji kwenye simu. Mtoto Samantha Pendo wa miezi sita alipigwa kichwani polisi walipovamia nyumba yao Nyalenda, Kisumu, usiku wa Agosti 2017 baada ya matokeo ya uchaguzi, akafa Agosti 15. Hakukuwa na kamera chumbani mle. Mahakama iliyochunguza kifo chake iliwataja makamanda kuwa wa kulaumiwa mwaka 2019, na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akaidhinisha mashtaka dhidi ya maafisa 12 mwaka 2022, miaka mitano tangu kifo. Hata baada ya hapo, kesi imekuwa ya kuahirishwa na kuahirishwa.

Nchi jirani haina afueni. Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi wao waliuawa na polisi jijini Dar es Salaam. Taarifa ya kwanza ilisema ni majambazi waliokufa katika majibizano ya risasi. Ni baada ya ndugu kupiga kelele na Rais Jakaya Kikwete kuunda tume ya Jaji Kipenka Mussa ndipo ilipofahamika kwamba hakukuwa na majibizano yoyote. Kesi iliyomhusu afisa wa polisi Abdallah Zombe na wenzake ilichukua miaka kumi hadi Mahakama ya Rufani mwaka 2016 ilipomtia hatiani mmoja tu kati yao, Christopher Bageni. Walikufa wanne na polisi walioshtakiwa walikuwa wengi, lakini ushahidi wa usiku ule ulikuwa umepita mikononi mwa wenyewe.

Kuna wanaosema dawa ni mishahara. Siwapuuzi. Nyumba za polisi ni aibu. Familia mbili kutenganishwa na pazia katika chumba kimoja ni jambo linalojulikana na kila aliyewahi kuingia katika laini za polisi, na jopokazi la Maraga lilieleza hali hiyo pamoja na msongo wa mawazo unaowafanya baadhi ya askari wajiue. Askari anastahili nyumba, bima na mshahara unaotosha. Ila mshahara hauelezi taarifa ya ukuta. Iliyotoa taarifa ile ni ofisi ya mawasiliano yenye maafisa wakubwa, wenye nyumba nzuri na magari ya serikali. Waliochezea kamera hawakuwa wakitafuta unga wa watoto.

Kuna hoja nyingine, nzito zaidi, na inatoka kwa majirani zetu wenyewe. Katika mitaa ya Eastlands kuna watu wanaoshangilia askari anapoua "majambazi". Kuna kurasa za Facebook zilizopata maelfu ya wafuasi kwa kuchapisha picha za vijana wakiwa hai na kuwaonya, kisha kuchapisha picha zao wakiwa maiti. Mwenye duka aliyeibiwa kwa bunduki mara tatu, na kumwona mwizi akiachiliwa kwa dhamana kila mara, ana hasira ya haki. Namwelewa. Lakini nataka atafakari hili: anajuaje kwamba aliyeuawa ndiye aliyemwibia? Anajua kwa sababu polisi wamesema. Amekuta maiti, bastola ya bandia kando yake, na maelezo. Anaamini taarifa ya kwanza kwa kuwa hakuna ya pili. Na mahakama zetu zikiachilia wezi, mara nyingi ni kwa sababu upelelezi ulifanywa ovyo, na polisi ambaye ameshajua kwamba risasi humaliza kesi hatajifunza kupeleleza. Kumshangilia ni kumpa ruhusa ya kutojifunza.

Basi nini kifanyike? Mimi sitaki jopokazi jingine. Mapendekezo yapo hadi yanapata vumbi.

La kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni sheria ya mwaka 2017 ya Huduma ya Kitaifa ya Uchunguzi wa Vifo. Bunge liliipitisha, rais akaitia sahihi. Inaunda ofisi inayojitegemea, isiyo chini ya polisi, yenye jukumu la kuchunguza kifo chochote cha ghafla au chenye utata, kikiwemo kifo mikononi mwa serikali. Mchunguzi wa ofisi hiyo ndiye angefika kwenye eneo la tukio, ndiye angemiliki maiti, ndiye angeita daktari. Kwa miaka mingi baada ya kupitishwa, sheria hiyo ilikaa kwenye rafu bila mkuu wa kuiongoza na bila fedha za kuiendesha. Hakuna aliyetangaza kwamba anaipinga. Iliachwa tu. Katika miaka hiyo wamekufa baadhi ya watoto na vijana niliowataja hapa, na mamia ambao sikuwataja, kila mmoja akiandikiwa kifo chake na kituo kilichomkamata. Hasira yangu kubwa kuhusu jambo hili iko hapa, kuliko hata kwa askari aliyefyatua.

Pamoja na hilo, fomu ya P3 itoke hospitalini moja kwa moja. Daktari anayemwona mgonjwa aliyevunjika mkono hahitaji ruhusa ya kituo kuandika anachokiona. Maabara ya risasi itolewe chini ya wapelelezi wa polisi. IPOA ipewe uwezo wa kuingia ghala la silaha na kuchukua daftari saa yoyote, na afisa anayeizuia afutwe kazi badala ya kuandikiwa barua. Malalamiko iliyopokea tangu 2012 ni ya maelfu kwa maelfu, na hukumu hazijafika mia. Wanaoilaumu IPOA kwa uzembe wana sababu zao, lakini mchunguzi anayelazimika kumwomba mshukiwa amletee ushahidi atazembea hata akiwa hodari.

Ireland ya Kaskazini ilipovunja jeshi lake la polisi lililochukiwa na nusu ya wananchi na kuunda jipya mwaka 2001, ilibadili jina, nembo na sare kama sisi. Tofauti ni kwamba kabla ya hapo, mwaka 2000, ilishaanzisha ofisi ya kusikiliza malalamiko yenye wachunguzi wake wenyewe, wanaokwenda kwenye tukio wenyewe na kukusanya vielelezo wenyewe. Si nchi ya malaika, na ofisi hiyo imekuwa na misukosuko yake, lakini askari wa huko anapofyatua risasi anajua kwamba si mwenzake atakayeiokota.

Hapa kwetu, kila mwaka Waziri wa Fedha husoma bajeti mwezi Juni, mwezi uleule ambao vijana wa maandamano ya 2024 na 2025 waliuawa barabarani. Polisi hutengewa mabilioni kwa magari, silaha na kamera za barabarani. Wabunge wanaokuja matangani na bahasha, wanaosimama kwenye kipaza sauti mbele ya jeneza na kulaani mauaji, ndio haohao wanaopitisha bajeti hiyo. Waulizwe palepale matangani, kabla hawajakaa: ofisi ya kuchunguza vifo imepewa shilingi ngapi mwaka huu, na wewe ulipiga kura gani?